Karatasi za serikali zinalala wapi?

Chukua mfano huu, msomaji. Binti yako anasoma katika chuo kikuu kule Embu, Chuka au Nchiru, na mhadhiri wake amempa kazi ya nyumbani: aeleze idadi ya watu wa Meru iliongezeka kwa kiasi gani kati ya hesabu ya watu ya mwaka 1979 na ile ya 2019. Kazi yenyewe yaonekana rahisi kama kumsukuma mlevi. Anachukua kitabu cha 1979, anachukua cha 2019, anatoa hii kwa ile, na kufikia saa ya chai amemaliza.

Akifanya hivyo atakuwa amepotea njia, hata kama hesabu yake haina kasoro. Meru ya mwaka 1979 ilikuwa wilaya pana iliyopakana na Isiolo upande wa kaskazini na kuteremka hadi kwenye Mto Tana. Nithi ilikuwa ndani yake, Tharaka pia. Meru ya mwaka 2019 ni kaunti, na watu wake walihesabiwa kuwa 1,545,714. Wale wa Tharaka-Nithi, watu 393,177, wameandikwa mahali pao peke yao. Anayetaka kuilinganisha na Meru ya zamani hana budi kujumlisha mbili hizo apate 1,938,891. Asipofanya hivyo, watu karibu laki nne wametoweka katika karatasi yake kama umande wa asubuhi.

Ni nani wa kumwonya? Mara nyingi si mhadhiri wala rafiki wa chumbani. Ni mtu aliyeketi nyuma ya dawati la maktaba miaka mingi iliyopita, akaandika chini ya jina la kitabu kile maneno machache ya kueleza kwamba wilaya hiyo iligawanywa, na kwa habari za baadaye msomaji aangalie pia mahali fulani na fulani. Mstari mmoja tu. Kazi ya kuandika mistari kama huo ndiyo tunayotaka kuitazama leo, kwani ni kazi ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali nayo ina daftari zake, na ni nyingi kuliko unavyodhani. Kuna Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa. Kuna Hansard, yaani kila neno linalosemwa bungeni. Kuna ripoti za tume, makadirio ya matumizi ya pesa, ripoti za mkaguzi wa hesabu, ramani, takwimu za mvua na kahawa, mipango ya maendeleo, miongozo ya shule. Vitu hivi havina rangi za kuvutia wala picha za kuchekesha, na duka la vitabu halina haja navyo. Lakini siku mzee anapofariki na jamaa wakaanza kuvutana juu ya shamba, hapo ndipo watu hukumbuka kwamba tangazo la mirathi lilichapishwa katika Gazeti Rasmi, na kwamba aliyekuwa na pingamizi alipewa siku 30 kulitoa. Aliyepoteza hati ya shamba naye hutangaziwa humo humo, na kwa kawaida husubiri siku 60 kabla ya kupewa hati mpya. Basi ikiwa nakala ya Ijumaa ile haipatikani, utabishana na nani?

Gazeti hilo lilianza kuchapishwa mwaka 1899, kabla ya mzungu yeyote kufungua ofisi ya serikali katika nchi ya Embu au Meru. Kituo cha Embu kilianzishwa mwaka 1906. Miaka miwili baadaye, mwaka 1908, Edward Horne, ambaye wenyeji walimpachika jina la Kangangi, akavuka kwenda kufungua kituo cha Meru. Tangu siku hizo Bwana Shauri wa kila wilaya alitakiwa kuandika ripoti kila mwaka: mvua imenyesha kiasi gani, kodi imekusanywa ngapi, wazee wanalalamikia nini, barabara gani imekatika. Kwa hiyo karatasi za serikali katika sehemu hizi mbili zina umri wa zaidi ya miaka 100, na zimepitia mikono mingi, baadhi ikiwa mikono ya kuhifadhi na mingine ya kuwashia moto wa chai.

Hapa ni vizuri kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Karatasi ambayo imechapwa na kutolewa kwa watu, kama ripoti ya tume, huitwa chapisho, na mahali pake ni maktaba. Barua aliyoandikiwa DC na chifu wake, ambayo nakala yake ni moja tu duniani, ni kumbukumbu, na mahali pake ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Sheria ya hifadhi hiyo ilipitishwa mwaka 1965, na makao yake ni lile jengo la Moi Avenue jijini Nairobi lililokuwa la Benki ya India. Sheria hiyo hiyo inataka kila ofisi ya serikali ipeleke nakala mbili za kila chapisho inalolitoa. Afisa haruhusiwi kuteketeza kumbukumbu za serikali kwa hiari yake mwenyewe, na kwa kawaida zile za ndani hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30.

Ndiyo sheria. Lakini kati ya sheria iliyoko Nairobi na rafu iliyoko Meru kuna mwendo mrefu, na serikali yenyewe iliona hivyo. Mwaka 1983, ulipoanzishwa mpango wa kuelekeza maendeleo wilayani, ilionekana kwamba kamati ya wilaya haiwezi kupanga mambo ikiwa takwimu zote zimefungiwa katika ofisi za Nairobi. Hapo likazaliwa wazo la kuwa na Kituo cha Habari na Nyaraka katika kila makao makuu ya wilaya. Chumba chenyewe hakikutakiwa kuwa kikubwa: meza, viti, rafu, na mtu wa kupokea ripoti kutoka idara za kilimo, maji, afya na elimu, kuziorodhesha, kuzipanga, na kuwapa wanaozihitaji. Yeyote, mwalimu au mkulima, angeweza kuingia akasoma mpango wa maendeleo wa wilaya yake.

Lilikuwa wazo zuri mno, na mwandishi huyu anaona ni moja kati ya mawazo bora yaliyowahi kutoka katika Wizara ya Mipango. Tatizo lake ni lile lile la mambo mengi ya aina hiyo: chumba ni rahisi kukijenga kuliko kumlipa mtu wa kukiendesha. Ripoti isiyoorodheshwa hubaki kuwa rundo, na rundo ndani ya ofisi ya serikali huwa na adui wengi: mchwa, maji ya mvua yanayopenya darini, na yule mgeni mpya anayetaka nafasi ya kuweka kompyuta.

Sasa tuingie jikoni tuone chakula kinavyopikwa. Mkutubi anapopokea kitabu cha kawaida, tuseme riwaya, kazi yake ni nyepesi. Mwandishi yuko juu ya jalada, jina la kitabu liko chini yake, mchapishaji na mwaka viko ndani. Anapopokea ripoti ya serikali mambo hubadilika. Jalada linasema hivi, ukurasa wa ndani unasema vile. Mwandishi hatajwi, au wametajwa watu 14 na makatibu wawili. Mwaka uliochapishwa nje ni wa kuanza kazi, ilhali ripoti yenyewe ilitoka miaka miwili baadaye. Wakati mwingine hakuna mwaka kabisa, na mkutubi hulazimika kusoma utangulizi kama mpelelezi akitafuta tarehe iliyotajwa mwisho.

Swali la kwanza ni: hii ni kazi ya nani? Kanuni za maktaba zinasema kwamba ofisi inayotoa maoni yake rasmi ndiyo mwandishi. Kwa hiyo huandikwa jina la nchi kwanza, Kenya, nukta, kisha jina la wizara au tume. Na hapo ndipo tunapofika kwenye kaa la moto, kwa sababu wizara zetu hubadili majina kama watu wanavyobadili mashati. Mwaka 2008, ilipoundwa serikali ya muungano yenye mawaziri 40, Kilimo kilikuwa na wizara yake, Mifugo na yake, Uvuvi na yake. Katiba ya mwaka 2010 ikasema mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, na ilipofika 2013 watatu hao wakarudishwa chini ya paa moja. Ripoti za kahawa ya Embu ni zile zile, mkulima ni yule yule, lakini anayetafuta chini ya jina moja la wizara atapata miaka michache tu na kudhani kwamba nyingine hazikuandikwa. Mkutubi mwema hufunga kamba kutoka jina moja hadi lingine: tazama pia huku, zamani iliitwa hivi, baadaye iliitwa vile.

Wilaya nazo zina vituko vyao. Mipango ya maendeleo ya wilaya ilichapishwa kwa vipindi: 1979 hadi 1983, 1984 hadi 1988, 1989 hadi 1993, na kuendelea. Mpaka hapo Meru ni Meru. Mwaka 1992 Tharaka-Nithi ikatengwa. Nyambene nayo ikafuata. Baadaye Nyambene ikaja kuitwa Meru Kaskazini, Nithi ikaitwa Meru Kusini, na Tharaka ikawa wilaya peke yake. Upande wa pili, Mbeere ikatolewa katika Embu mwaka 1996. Halafu mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoundwa baada ya 1992 hazikuwa halali kisheria, na Katiba iliyofuata ikazifanya kaunti 47 zishike mipaka ya 1992. Mbeere ikarudi ndani ya Embu. Tharaka na Nithi zikawa kaunti moja. Hebu jiweke katika kiti cha mtu anayetakiwa kuziweka karatasi hizo zote katika rafu moja kwa mpangilio ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataelewa!

Kuna pia suala la majina ya mitaani. Mwalimu darasani husema "Ripoti ya Ominde", "Ripoti ya Gachathi", "Ripoti ya Mackay", "Ripoti ya Koech". Hayo ni majina ya wenyeviti. Ukifungua kurasa za kwanza za ripoti zenyewe utakuta maneno mengine kabisa: ile ya Ominde ya mwaka 1964 inajiita ripoti ya Tume ya Elimu ya Kenya, na ile ya Gachathi ya mwaka 1976 ni ya Kamati ya Kitaifa kuhusu malengo na sera za elimu. Mwanafunzi akiandika "Gachathi" katika kompyuta ya maktaba na mkutubi hakuwa ameliingiza jina hilo pembeni, jibu litakuwa kwamba hakuna kitu. Naye ataondoka akilaumu maktaba, kumbe kitabu kiko hatua tano kutoka aliposimama.

Nyaraka zinazowasilishwa bungeni zina mtego wao pia. Kila mtu amesikia Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 juu ya Usoshalisti wa Kiafrika. Nambari hizo huanza upya kila mwaka. Kwa hiyo kuna Nambari 1 ya mwaka 1986, na Nambari 1 za miaka mingine chungu nzima. Anayetaja nambari bila mwaka ni kama anayesema anamtafuta Mwangi pale Nyeri.

Tusisahau kitabu ambacho maafisa wa kilimo wa Embu na Meru hukiita kwa jina la mwandishi wake tu, Jaetzold. Ni kitabu cha mwongozo wa usimamizi wa mashamba nchini Kenya, kilichotungwa na Wajerumani Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, na kutolewa na Wizara ya Kilimo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kinagawanya ardhi kwa kanda, kuanzia kanda ya chai iliyo chini ya msitu wa Mlima Kenya, kupitia ya kahawa, hadi kule chini Mbeere na Tharaka kwenye mtama na wimbi, na kueleza mvua inayotarajiwa na mimea inayofaa. Sehemu inayohusu mashariki ya Kenya ni juzuu ya pili, sehemu C. Toleo jipya la mwaka 2006 likaigawa sehemu hiyo tena. Je, kiwekwe chini ya Jaetzold au chini ya wizara? Kiwe pamoja na vitabu vya kilimo au pamoja na machapisho ya serikali? Juzuu zake zikae pamoja au zitawanyike? Maktaba tatu zinaweza kutoa majibu matatu, na zote zikawa na sababu. Lililo muhimu ni kwamba, vyovyote iwavyo, anayetafuta Jaetzold apate na anayetafuta wizara apate.

Baada ya jina huja mahali pa kulala. Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kutawanya machapisho ya serikali kati ya vitabu vingine kufuatana na somo. Wanaotumia mpango wa Dewey, uliotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876 na ambao umezoeleka katika maktaba za umma, wataweka ripoti ya kilimo katika 630, ya elimu katika 370, na ya historia ya Kenya katika 967.62. Faida yake ni kwamba mwanafunzi wa kilimo anakuta kila kitu mahali pamoja. Hasara yake ni kwamba karatasi nyembamba ya kurasa 12 inaminywa kati ya vitabu vinene viwili na haionekani tena mpaka siku ya kiyama.

Njia ya pili ni kuzitengea machapisho hayo chumba au pembe yake, na kuyapanga kufuatana na ofisi iliyoyatoa: Bunge na yake, Hazina na yake, Takwimu na yake. Mtu aliyelifanya wazo hili kuwa maarufu alikuwa mwanamke, Adelaide Hasse, aliyeanza kazi mwaka 1895 katika maktaba ya machapisho ya serikali kule Washington. Yeye aliona kwamba ripoti za serikali haziji moja moja kama vitabu. Huja kwa mfululizo, mwaka baada ya mwaka, na ukizitenganisha umevunja uzi. Mwandishi huyu anaegemea upande wa mama huyo. Ripoti ya mwaka mmoja ya idara ya maji haina maana kubwa. Ripoti za miaka 20 zikisimama bega kwa bega zinasimulia hadithi nzima. Lakini njia hii nayo inamtaka msomaji ajue ofisi iliyotoa karatasi, na ni wangapi wanaojua?

Kazi ya mikono yenyewe ni ya subira. Vijitabu vyembamba havina mgongo wa kuandikwa nambari, kwa hiyo hutiwa katika makasha ya kadibodi yaliyosimama, na nambari huandikwa kwenye kasha. Pini za chuma hutolewa kwa sababu hushika kutu na kula karatasi. Magazeti Rasmi hukusanywa ya mwaka mzima, hukaguliwa kama hakuna Ijumaa iliyokosekana wala toleo maalum lililopotea, ndipo yakashonwa kuwa buku moja. Buku likishashonwa na pengo ndani yake, hakuna atakayekumbuka kulijaza. Rafu ya chini huachwa juu ya sakafu kiasi cha shubiri moja au zaidi, kwa ajili ya maji na mchwa. Katika baridi na mvua za Meru, dirisha lisilofungwa vizuri msimu mmoja laweza kuzaa ukungu wa kuharibu rafu nzima.

Hansard ina raha yake, na ningependa wanafunzi wa historia waionje. Bernard Mate wa Meru aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza; mwaka uliofuata akaingia Jeremiah Nyagah wa Embu. Waliyoyasema katika baraza lile yamo humo, neno kwa neno, pamoja na kelele za kuwakatiza. Na wapenzi wa lugha wajue kwamba tangu mwaka 1974, Kiswahili kiliporuhusiwa bungeni, Hansard imekuwa pia ghala la Kiswahili cha wanasiasa wetu, kizuri na kibovu.

Ukitaka kujua zaidi ya yale yaliyochapwa, sharti uende kwenye zile kumbukumbu nilizozitaja. Katika Hifadhi pale Nairobi, majalada ya DC wa Meru hutambulishwa kwa herufi DC/MRU, na ya Embu kwa DC/EBU. Herufi hizo zinaeleza ofisi iliyoyazaa, wala si somo lililomo ndani. Hapa wazo la bibi Hasse ndilo sheria. Humo utakutana na H. E. Lambert, DC aliyefanya kazi Meru katika miaka ya 1930 na kulipa baraza la Njuri Ncheke nafasi katika utawala. Huyu ndiye Lambert yule yule aliyeandika juu ya lahaja za Kiswahili za pwani. Humo pia mna habari za mwaka 1956, Njuri Ncheke ilipopiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana wakaasi kwa kujitahiri wenyewe, jambo lililoitwa Ngaitana. Mwanahistoria wa Marekani, Lynn Thomas, alitumia karatasi za wilaya na kuongea na wazee kuandika habari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2003. Zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kati ya 1956 na 1959. Nyanya za wasomaji wetu wengine huenda ni miongoni mwao. Bila majalada yale kuwekwa alama na kupangwa, habari hiyo ingebaki minong'ono ya jikoni.

Jambo la kushangaza ni kwamba ripoti nyingi za zamani za mikoa na wilaya zilipigwa picha katika filamu ndogo miaka ya 1960, na nakala ziko katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Kwa hiyo mwanafunzi wa kule aweza kusoma malalamiko ya Bwana Shauri wa Meru bila kupanda ndege, ilhali kijana wa Maua hana budi kulipa nauli ya matatu hadi Nairobi. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, ambayo kazi yake moja ni kununua na kuorodhesha machapisho ya nchi zetu, yakiwemo ya serikali. Tusiwaonee wivu. Wamefanya kazi ya kuhifadhi, na pengine siku moja tutawaomba nakala.

Lakini kuna waliochukua bila kuorodhesha. Uhuru ulipokaribia, maafisa wa Uingereza waliteketeza baadhi ya majalada na kusafirisha mengine kwao. Waliobaki hawakujua ni yapi, kwa kuwa hayakuwa katika katalogi yoyote iliyokuwa wazi kwa watu. Mwaka 2009 wazee waliopigana au kufungwa wakati wa hali ya hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuwakumba hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walifungua kesi London. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa na majalada karibu 8,800 kutoka makoloni 37 katika ghala lake la Hanslope Park. Ya Kenya yalikuwa kama 1,500. Wanahistoria walikuwa wameuliza kwa miaka mingi wasipewe. Utaombaje kitu kisicho na nambari? Juni 2013 ikatangazwa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na majalada yenyewe yakaanza kufunguliwa katika hifadhi ya London kuanzia mwaka 2012. Leo yana alama yao, FCO 141, na mtu yeyote aweza kuyaita kwa nambari.

Swali lingine ambalo vijana huuliza ni kwa nini Embu na Meru ziliwekwa katika Mkoa wa Mashariki pamoja na Machakos na Marsabit, wakati mila na lugha zao ziko karibu zaidi na za Wakikuyu. Jibu limo katika ripoti ya tume ya mipaka ya majimbo iliyotolewa mwaka 1962, ambayo ilizingatia matakwa ya wenyeji waliofika mbele yake. Wakati huo Kirinyaga ilitengwa na Embu ikaenda upande wa kati, na mji wa Embu ukaja kuwa makao makuu ya mkoa. Ripoti hiyo ilichapishwa London. Ukiitafuta chini ya "Kenya" peke yake unaweza kuikosa, kwani aliyeitoa ni serikali ya Uingereza.

Sasa tuje kwa haya ya leo, ambayo binafsi yananitia wasiwasi kuliko ya zamani. Tangu mwaka 2013 kila kaunti inatoa karatasi zake: mpango wa maendeleo wa miaka mitano, bajeti, sheria, Hansard ya bunge la kaunti. Meru, Embu na Tharaka-Nithi tayari zimepitia mipango ya 2013 hadi 2017, ya 2018 hadi 2022, na sasa ile inayokwisha 2027. Nyingi huwekwa katika intaneti, na watu husema basi, zimehifadhiwa. Tovuti ikibadilishwa baada ya uchaguzi, karatasi za gavana aliyetoka huenda naye. Mchwa walihitaji miaka kumi. Hapa ni usiku mmoja. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikakazia kwamba ofisi za umma zitunze rekodi zake vizuri. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti kazi ya maktaba. Kwa hiyo bunge la kaunti linalopitisha bajeti ndilo pia linaloamua kama kutakuwa na mtu wa kuiorodhesha na kuichapa bajeti hiyo, nakala mbili ziwekwe rafuni.

Ikiwa wewe au mwanao mna safari ya kwenda maktaba kutafuta karatasi ya serikali, iwe ni chuoni au maktaba ya umma, nendeni na mambo manne: mwaka, au angalau muongo, ofisi iliyotoa, kwa jina lake la wakati ule, jina la mwenyekiti kama ilikuwa tume, na jina la wilaya jinsi ilivyokuwa siku hizo. Mkikosa katika kompyuta, ulizeni kama kuna kadi za zamani ambazo hazijaingizwa, na kama kuna makasha yanayosubiri kuorodheshwa. Magazeti Rasmi tangu 1899 yanaweza pia kusomwa katika intaneti. Kwa majalada ya DC, andikeni DC/MRU au DC/EBU, bebeni kitambulisho na penseli, na mpande gari la asubuhi.